Kwa Nini Miswada Yetu Hukwama: Safari ya Kitabu cha Kiswahili Kutoka Daftari Hadi Dukani

Katika nyumba nyingi za watu wetu, kuanzia Maskati na Nizwa hadi Dubai na Sharjah, kuna daftari. Pengine ni la marehemu babu aliyeandika nasaba ya ukoo na safari yake ya kutoka Unguja au Pemba. Pengine ni la bibi aliyekuwa akitunga mashairi ya harusi, au la kijana anayeandika riwaya usiku baada ya kazi. Mwenye daftari akiulizwa, jawabu huwa moja: alitaka kulichapisha, lakini hakufanikiwa.

Lengo la makala hii ni kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, vitabu vya Kiswahili vimepita njia zipi tangu zamani, na mwenye mswada leo afanye nini. Nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na nimewapigia taipu watu wengi miswada yao, ya dini, ya mashairi na ya hadithi. Nilichokiona ni kwamba ubovu wa mswada ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi, wala si kubwa kuliko zote. Mara nyingi mswada hukwama kwa kuwa umepelekwa kwenye mlango usio wake.

Mchapishaji na mwenye matbaa

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao wengi huwachanganya. Mwenye matbaa ni fundi wa chapa. Ukimpelekea kurasa zilizopangwa pamoja na fedha, atakupigia chapa nakala unazotaka na kukukabidhi maboksi yako. Kuuza si kazi yake.

Mchapishaji ni mfanyabiashara wa vitabu. Husoma mswada, na akiukubali hulipa yeye gharama za uhariri, jalada, chapa na usambazaji. Kisha humlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala iliyouzwa, mara nyingi karibu asilimia 10. Kwa kuwa fedha inayotumika ni yake, hawezi kuishia kuuliza kama mswada ni mzuri. Lazima aulize pia: nani atakinunua kitabu hiki, wako wangapi, na nitawafikiaje?

Mwandishi anayelifahamu swali hilo ameshafika nusu ya njia. Asiyelifahamu hupokea barua ya kukataliwa akadhani amedharauliwa yeye na ukoo wake.

Vitabu vyetu vilivyopita zamani

Kabla ya matbaa, maandishi ya Kiswahili yaliishi kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mfano unaojulikana sana ni utendi wa Mwana Kupona wa Pate, aliomtungia binti yake mnamo 1858. Ulitoka mkono hadi mkono, ukasomwa na kuhifadhiwa na wanawake wa pwani, na ulitolewa kuwa kitabu huko Uingereza mwaka 1934, zaidi ya miaka 70 baada ya kufa mtunzi. Kama zisingekuwako nakala, kisingekuwako cha kuchapa.

Mashine za chapa zilifika Unguja katika karne ya 19. Sayyid Barghash bin Said alianzisha matbaa yake mwishoni mwa miaka ya 1870, nayo ilitoa zaidi vitabu vya Kiarabu vya elimu ya dini. Misheni ya UMCA ilikuwa na mashine yake hapo hapo Unguja, ikichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini kwa ajili ya kanisa na skuli. Baadaye misheni za bara nazo zilifuata, na sisi tuliosoma skuli za misheni tunakumbuka vitabu vilivyotoka Ndanda na Peramiho. Tangu mwanzo, basi, kila mashine ilikuwa na kazi yake maalumu. Aliyeandika kitu kinachofaa kazi hiyo alichapwa, na asiyekuwa hivyo alibaki na daftari lake.

Mwaka 1930 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kamati hiyo ilikuwa ikisoma miswada na kutoa idhini kwa vitabu vilivyofuata lugha sanifu. Kwa upande mmoja ilisaidia vitabu kusomwa nchi nne kwa tahajia moja. Kwa upande mwingine iliongeza mlango wa kubisha, na waliozoea lahaja zao au herufi za Kiarabu walijikuta nje.

Hata Shaaban Robert, tunayemwita leo mfalme wa lugha, hakupewa njia rahisi. Alikuwa karani wa serikali huko Tanganyika, akiandika nje ya saa za kazi. Mashairi yake ya Pambo la Lugha yalichapishwa Johannesburg, Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1940. Kusadikika kilitolewa na shirika la Uingereza, Nelson, mwaka 1951. Kufikirika alikiandika katika miaka hiyo ya 1940, lakini kilitoka 1967, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1962. Kama mswada wa mtu kama huyo ulingoja miaka 20, anayengoja miaka miwili asikate tamaa.

Mashirika na mashindano

Nafuu ilianza mwaka 1948 ilipoundwa East African Literature Bureau, shirika la serikali za Afrika Mashariki la kutoa vitabu kwa lugha za wenyeji. Lilipokea miswada ya watu wasiojulikana na liliandaa mashindano. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na ndipo tukampata Bwana Msa na kiko chake. Mwandishi yule hakuwa na jina katika riwaya kabla ya hapo. Shindano ndilo lililomfungulia.

Tanzania nayo iliunda shirika la umma la Tanzania Publishing House mwaka 1966. Humo ndimo Adam Shafi alimotolea Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ile Literature Bureau ilikufa pamoja nayo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba: karatasi adimu, fedha za kigeni hakuna, mashine zikiharibika vipuri havipatikani. Miswada iliyokwisha kukubaliwa ilikaa makabatini.

Wakati huo waandishi wa hadithi za upelelezi na mapenzi walichukua njia nyingine, wakawa wachapishaji wao wenyewe. Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers, Ben Mtobwa alikuwa na Heko, Hammie Rajab alikuwa na Busara. Vitabu vyao vidogo viliuzwa barabarani na vituo vya mabasi. Wasomi waliviita vitabu vya mitaani, lakini vilisomwa hadi kurasa zikachanika. Nasisitiza habari hii kwa sababu wako wanaodhani kujichapishia ni aibu. Katika Kiswahili ni desturi yenye heshima yake.

Sababu za kukwama leo

Sababu ya kwanza ni skuli. Wachapishaji wengi wa Kiswahili, Nairobi na Dar es Salaam, huishi kwa vitabu vya wanafunzi. Riwaya, tamthilia au diwani ikiteuliwa kusomwa madarasani, huuzwa kwa maelfu mwaka hadi mwaka. Isipoteuliwa, huuzwa kwa mamia na polepole. Kwa hiyo mhariri anaposoma mswada, macho yake yako kwenye muhtasari wa masomo. Hutazama urefu, lugha, na mambo yanayoweza kuwaudhi wazazi na walimu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku maskulini kabla ya kuja kukubaliwa na kusomeshwa miaka ya baadaye. Mchapishaji hasahau mambo kama hayo. Tena Tanzania kazi ya vitabu vya kiada imerudishwa kwa Taasisi ya Elimu, na wachapishaji binafsi wamepoteza kipato kilichokuwa kikiwawezesha kubahatisha mwandishi mpya.

Sababu ya pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Uhariri, kupanga kurasa na jalada vimegharimu riali 400, na chapa ni riali moja kwa kila nakala. Ukitoa nakala 1,000, kila moja imekugharimu riali moja na baisa 400. Ukitoa nakala 100, kila moja imekugharimu riali 5. Mwenye duka naye anataka fungu lake. Tuseme theluthi ya bei. Ili zile riali 5 zirudi, kitabu lazima kiuzwe riali 7 na nusu, na hapo mwandishi hajapata hata baisa moja. Nani atatoa riali 7 na nusu kwa diwani ya mtu asiyemjua? Mchapishaji amefanya hesabu hiyo kabla hajafika ukurasa wa kumi wa mswada wako.

Sababu ya tatu ni aina ya kitabu. Watu wetu wa Ghuba huandika zaidi kumbukumbu, nasaba, tenzi na visa vya mji. Mchapishaji wa Nairobi hana mteja wa nasaba ya ukoo mmoja. Kumbukumbu zenye kutaja watu kwa majina, hasa za siasa na za mwaka 1964, humtia hofu ya kesi na ya ugomvi. Vitabu vya namna hiyo vimepita njia nyingine. Kumbukumbu za Sheikh Ali Muhsin Barwani, kwa Kiingereza, zilitoka Dubai mwaka 1997. Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Dakta Harith Ghassany, kwa Kiswahili, mwandishi alikitoa mwenyewe mwaka 2010, na mtu akubaliane nacho au asikubaliane, kimesomwa na kujadiliwa Zanzibar, Bara na huku kwetu.

Sababu ya nne ni lugha yenyewe. Mzee wa Maskati huandika Kiunguja cha mjini cha miaka ya 1950, kilichochanganyika na Kiarabu cha nyumbani, na wengine huandika kwa herufi za Kiarabu. Mhariri kijana aliyesomea Kiswahili sanifu hukwama kila mstari. Mzee husema mhariri hajui Kiswahili. Mhariri husema mzee hajui tahajia. Wote wana haki yao. Lakini mswada wenye neno moja lililoandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja utarudishwa hata kama mtunzi ni bingwa.

Sababu ya tano ni wasomaji wetu wenyewe. Waliorudi Oman baada ya wito wa Sultan Qaboos mwaka 1970 walikuja na Kiswahili cha kusema, kusoma na kuandika. Watoto wao wamesomeshwa Kiarabu na Kiingereza. Wajukuu wengi husikia Kiswahili jikoni na kukijibu kwa lugha nyingine. Kwa hiyo mwandishi wa Ghuba ana hadhira kubwa ya masikio na ndogo ya macho, na mchapishaji huhesabu macho.

Sababu ya sita, ambayo waandishi hawapendi kuisikia, ni mswada ulivyopelekwa. Nimeona kurasa 500 zisizo na namba, zisizo na sura, bila jina la mwandishi wala anwani. Nimeona barua ya kurasa nne inayosimulia taabu za mwandishi bila kusema kitabu kinahusu nini. Nimeona mswada mmoja ukipelekwa kwa wachapishaji sita, na barua inamtaja wa kwanza kwa wote sita. Katika kampuni ndogo mhariri ni mtu mmoja au wawili, na miswada juu ya meza yao ni milima. Mswada unaompa kazi ya ziada huwekwa chini ya mlima.

Mtego wa barua ya sifa

Kwa sababu milango ya kweli ni myembamba, wapo waliofungua milango ya uongo. Ni makampuni yanayojiita wachapishaji, lakini fedha yao hutoka kwa mwandishi badala ya msomaji. Mzee mmoja ninayemfahamu alipeleka mswada wa kurasa 400 kwa kampuni ya Ulaya kwa njia ya intaneti. Siku ya tatu alijibiwa kwamba kitabu chake ni hazina ya ulimwengu, na kwamba alete kiasi cha fedha ambacho kingetosha kununua gari la mkono wa pili. Binti yake alimuuliza swali moja tu: nani katika ofisi ile anasoma Kiswahili? Barua ya kuuliza hivyo haikupata jibu.

Kanuni ni nyepesi. Mchapishaji wa kweli hakuombi fedha. Ukilipa wewe, basi unanunua huduma, na hilo halina ubaya, maadamu unajua kwamba wewe ndiye mchapishaji. Ulizia bei mahali patatu, taka orodha ya kazi utakazofanyiwa, na hakikisha haki ya kitabu inabaki kwako.

Haki ya mswada ni ya nani?

Jambo hili huleta ugomvi katika familia, hivyo tulieleze. Kazi iliyoandikwa ina mwenyewe tangu siku ilipoandikwa, hata kabla haijachapishwa. Mwenyewe akifariki, haki hiyo huwafikia warithi. Nchini Oman sheria huilinda kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na Tanzania, kwa sheria ya 1999, kwa miaka 50. Kwa hiyo daftari la babu si mali ya mjukuu aliyelikuta kabatini. Kabla ya kulipeleka popote, wapatikane warithi, waandike ridhaa yao kwa karatasi moja, na wamteue mmoja wa kutia saini. Mchapishaji mwangalifu ataiomba karatasi hiyo. Ami na mashangazi walioshirikishwa tangu mwanzo huwa ndio wanunuzi wa kwanza. Walioachwa nje huwa ndio wapingaji wa kwanza.

Ukipata mkataba, soma vifungu vitatu kwa macho mawili: mrabaha ni asilimia ngapi na unalipwa lini, mkataba ni wa miaka mingapi, na haki ya tafsiri, sauti na filamu imebaki kwa nani. Kitabu kinaweza kuwa na maisha usiyoyategemea. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ilifanywa filamu zaidi ya miaka 20 baadaye.

Milango iliyo wazi

Mashindano bado yanafanya kazi iliyomtoa Bwana Msa. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, na miswada iliyoshinda imefikishwa kwa wachapishaji. Tanzania nayo, tangu 2023, hutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Soma masharti kabla ya kupeleka, hasa kuhusu uraia, idadi ya maneno, na kama kazi iliyokwisha kuchapishwa inakubaliwa.

Magazeti ni mlango wa pili. Washairi wengi wa zamani walijulikana kwanza katika Mambo Leo kule Tanganyika, au katika magazeti ya Unguja kama Mwongozi, kabla ya kuwa na diwani. Shairi au kisa kifupi kilichotoka gazetini ni ushahidi kwamba mhariri mmoja ameshakukubali, na kinampa wa pili moyo.

Maonyesho ya vitabu ni mlango wa tatu. Ghuba tuna bahati: Sharjah hufanya maonyesho ya kimataifa tangu 1982, na Maskati ina ya kwake kila mwaka. Nenda ukiwa na karatasi moja ya maelezo ya kitabu chako. Mswada mzima uache nyumbani. Tembelea vibanda, tazama nani anatoa vitabu vya aina yako, uliza jina la mhariri.

Mlango wa nne ni kujichapishia kwa idadi ndogo. Siku hizi nakala inaweza kuchapwa moja moja kadiri ya wanunuzi, bila maboksi kukaa uvunguni. Uliza kwanza kama kampuni inapokea vitabu vya Kiswahili, maana nyingine hazipokei. Kitabu cha kuuzwa madukani kinataka namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13 nyuma ya jalada, na kitakachouzwa Oman kinataka kibali cha Wizara ya Habari. Usianze na nakala 1,000. Anza na 50, uone mwendo.

Mlango wa tano ni kuhifadhi bila kuuza, na kwa nasaba na kumbukumbu nyingi huu ndio ulio sawa. Piga chapa nakala 30 za familia, na peleka nyingine katika hifadhi: Mamlaka ya Nyaraka na Kumbukumbu ya Taifa hapa Oman, Nyaraka za Taifa kule Kilimani Zanzibar, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ina mkusanyo mkubwa wa hati za Kiswahili zilizookotwa majumbani. Mtafiti wa kesho atakwenda huko. Mswada uliohifadhiwa haujafa.

Namna ya kuutayarisha mswada

Haya ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wote walioniletea kazi zao:

1. Tengeneza nakala tatu kabla ya jambo lolote. Daftari la asili lisitoke nyumbani. Kama ni herufi za Kiarabu, lipigwe picha kila ukurasa, kisha mtu anayezijua aliandike upya kwa Kilatini.

2. Chagua tahajia moja, uifuate mpaka mwisho. Maneno ya Kiunguja na ya Kiarabu yasiyojulikana kwingine yaache yalivyo, ila weka faharasa nyuma.

3. Mpe msomaji wa kwanza asiye jamaa. Mke, mume na watoto watasifu. Mwalimu wa Kiswahili atasahihisha.

4. Punguza. Visa vinavyoeleweka na wanaukoo peke yao vibaki katika nakala ya familia.

5. Chapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, namba kila ukurasa, jina na anwani ukurasa wa kwanza.

6. Andika barua ya ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, kina maneno mangapi, wasomaji wake ni nani, na wewe ni nani. Ambatisha muhtasari na sura mbili au tatu.

7. Weka daftari la kumbukumbu: umempelekea nani, tarehe gani, amejibu nini. Miezi mitatu ikipita, uliza kwa adabu. Sita ikipita, peleka kwingine.

Kuhusu kungoja

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alianza kuandika akiwa na miaka 21 huko Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akiwa na miaka 38. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli. Lakini huyu aliandika kwa Kiingereza, na riwaya yake ya Paradise ya 1994 ilingoja mpaka 2022 kusomeka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Ikiwa kitabu cha mtu huyo kilichukua miaka 28 kufika katika lugha ya mama yake, tujue uzito tunaosukuma.

Na kinyume chake, upo mfano wa subira iliyofika. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwalimu wa Unguja, baada ya kazi ya miaka mingi, aliona tafsiri yake ya Qurani ikitoka kamili Nairobi mwaka 1969. Alifariki hapa Oman 1982. Kitabu chake kiko katika nyumba zetu hata leo, na wengi wanaokisoma hawajui kilichukua muda gani.

Mswada wa mtu wa kawaida hautafika huko, wala haulazimiki. Lakini wenye madaftari wanazeeka, na herufi za Kiarabu za Kiswahili zinazidi kukosa wasomaji. Wiki hii, kabla ya kutafuta mchapishaji, muulize mzee wa nyumba yako kama ana daftari, liko wapi, na nani mwingine anaweza kulisoma. Kama jibu la swali la tatu ni hakuna, anzeni na ile kanuni ya kwanza: nakala tatu.